Karafuu Maiti na Moyo Uendao Mbio

Nikianza kueleza ugonjwa wangu, watu wa kwetu huuliza kwanza siku ile nilikuwa nimemwosha nani. Wanatarajia habari ya maiti aliyefumbua macho, au ya mwari aliyefariki siku moja kabla ya harusi yake. Pole zao. Siku ile sikuwa nimeosha mtu. Nilikuwa kwenye foleni ya sukari dukani hapa Magogoni, kikapu mkononi, nikijiuliza kama nimefunika mchuzi, ndipo moyo ukaanza kwenda mbio.

Vidole vikafa ganzi. Midomo ikakauka, sauti za watu zikawa kama zatoka nyumba ya pili, na nikawa na hakika kwamba nakufa, tena pale pale, mbele ya mwenye duka ambaye tulikuwa hatusemezani. Baadaye nikajikuta nimeketi juu ya gunia la mchele, mzima, nimelowa jasho, wanawake wakinipepea kwa ncha za leso zao. "Ni jua," wakasema. Ilikuwa kaskazi, jua kweli lilikuwa kali, nami nikakubali. Nayaandika haya kwa mtu aliyeketi juu ya gunia lake leo, naye anaambiwa ni jua.

Mara ya pili ilinikuta kazini. Kazi yangu ni kuosha maiti wa kike. Nilifunzwa na shangazi yangu, Bi Rukia, dada wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Sehemu hizi za Kisauni, miaka hiyo ya themanini, mwanamke akifariki walimwita yeye, na yeye aliniita mimi nibebe maji. Mikono yake ilipoanza kutetemeka kwa maradhi ya sukari, wakaanza kuniita mimi. Haikuwa kazi ya kuogofya. Nilimwambia marehemu kila nitakalomfanyia, kama Shangazi alivyonifunza: sasa nakugeuza mama, sasa nakumiminia maji, samahani. Nilitoka nikiwa mtulivu kuliko nilivyoingia.

Siku hiyo nilikuwa nimefika kwenye maji ya mwisho. Haya hutiwa karafuu maiti, kitu cheupe kama chembe za mshumaa, chenye harufu kali ya ubaridi ipandayo puani hadi kwenye paji la uso. Nimeinusa maisha yangu yote. Nilipoivuruga tu kwenye bakuli, ule moyo wa dukani ukarudi. Niliacha bakuli, nikatoka na mikono inayochuruzika, na mwenzangu Mwanaisha akamaliza peke yake. Tangu hapo ugonjwa ukawa umejua mlango wa kuingilia, na mlango wenyewe ulikuwa pua yangu.

Nilikonda. Bangili ziliteremka hadi kwenye kiwiko nikiinua mkono, na buibui langu likawa laburuzika chini kama la kuazima. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilijifunza kukaa karibu na mlango kila niendapo, na kuacha kwenda pale ambapo mlango u mbali. Mtu hajioni anavyopungua, mwanangu Zuhura ndiye aliyeniambia siku moja, "Mama, mbona siku hizi huimbi ukipika?" Sikuwa nimejua kwamba huwa naimba.

Mume wangu Athumani, fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja huko Changamwe, alikuwa na dawa yake: tusiseme. "Akikuuliza mtu, sema una malaria," akaniambia. Aliogopa, na leo namwelewa. Mwosha anayesemekana amerukwa na akili nani atamwita? Na mtoto wa mwosha huyo nani atamposa? Basi nikawa na malaria. Masika yakaingia na malaria, yakatoka na malaria. Majirani waliniletea mwarobaini hadi nikawa siwezi kuupita mti wake bila kukunja uso.

Mawifi zangu hawakudanganyika. Waliona ninavyokimbia moshi wa ubani Alhamisi jioni, wakaangaliana. Kwetu mtu akikimbia ubani, ameshajieleza. Wakamwita mwalimu mmoja kutoka Mjambere, mtu mpole mwenye sauti nzuri, ambaye kazi yake ilikuwa kusomea wenye pepo na kuwafukiza. Walinikalisha kitako alasiri moja, madirisha wakayafunga, wakanifunika leso mbili gubigubi na kuniwekea chetezo cha ubani katikati ya miguu. Mtu akifukizwa hivyo, pepo hupanda kichwani na kusema haja yake. Mimi sikupandwa na pepo, ila moyo ulipanda hadi kooni. Nikatetemeka mwili mzima.

"Amepanda!" wifi mkubwa akapiga kelele.

"Karibu," mwalimu akamwambia pepo kwa adabu. "Wewe nani?"

"Mimi Mishi binti Salim!" nikajibu chini ya leso.

"Ajificha huyo," akasema wifi.

"Watoka wapi?"

"Natoka jikoni!"

"Haya, wataka nini, tukupe uende zako?"

"Nataka dirisha lifunguliwe, wallahi!"

Kisha mwalimu akasema huyu ni wa baharini, hawa hutaka hewa, na ombi lake lazima litimizwe. Wakafungua dirisha, wakanitoa leso, na upepo uliponigusa uso nikatulia. Kila mtu alimshukuru mwalimu, na mimi pia, maana yeye ndiye pekee aliyeniuliza nataka nini.

Lakini wiki iliyofuata moyo ulirudi, na safari hiyo Athumani alinipeleka hospitali ya mjini, kisiwani. Mwenye hali kama yangu namwambia aanzie huko, apimwe moyo kwanza, kabla ya kusikiliza habari zangu au za mtu yeyote. Nilipimwa. Daktari alisema moyo wenyewe ni mzima, ni wasiwasi tu, akaniandikia tembe zilizonilaza hadi nikaunguza wali. Nikawa narudi kliniki kila mwezi. Ile "tu" yake iliniudhi muda mrefu.

Mabenchi ya pale nayajua vizuri. Unafika mapema ukidhani umewahi, unakuta benchi limejaa waliodhani hivyo hivyo. Kila mlango ukifunguliwa watu wote huinua nyuso, kisha huziteremsha pamoja. Siku moja, katikati ya kungoja huko, mfagiaji alipita na ndoo ya dawa ya sakafu. Harufu yake ilikuwa jamaa ya karafuu maiti. Moyo ukaondoka mbio. Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena.

Muuguzi mmoja, mwanamke mnene wa bara ambaye sote tulimwita Sista, akaja akasimama mbele yangu.

"Mama, toa viatu."

"Viatu?"

"Toa. Weka mguu chini. Hiyo simiti iko baridi ama iko moto?"

"Baridi," nikasema, meno yakigongana.

"Iko laini ama iko na mchanga?"

Nikaisugua kwa wayo. "Ina mchanga kidogo. Na hapa pana ufa."

"Hiyo ufa inaenda wapi?"

Sikuwa nimejiuliza swali kama hilo maishani. Nikaufuata ufa kwa kidole gumba cha mguu, polepole, ukakata kushoto, ukaingia chini ya benchi, nikaufuata, mpaka mzee aliyeketi karibu nami akakohoa. "Samahani bibi," akasema, "huo si ufa tena. Huo ni mguu wangu."

Nilicheka kicheko ambacho benchi zima lilikigeukia. Nilipomaliza kucheka, niliutafuta ule moyo wa mbio sikuuona. Sista alikuwa amekwisha ondoka na faili zake. Baadaye, nilipompata mlangoni, alinieleza kwa maneno machache: nikibishana na moyo hausikii, lakini mguu ukisikia kitu, au ulimi, au sikio, moyo huacha mambo yake ukaja kuangalia kuna nini. "Tafuta yako," akasema. "Ya mtu mwingine inaweza kukosa kukusaidia."

Nikaanza kutafuta. Kusi lote nilikuwa kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli. Watu wema walinishauri marashi ya waridi, udi, asumini kwenye mto. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo nilikuwa nalo puani siku zote: kwetu harufu za harusi na harufu za maiti ni zile zile. Udi tunamfukizia bwana harusi na tunaifukizia sanda. Marashi tunawanyunyizia wageni na tunalinyunyizia kaburi. Kila kizuri nilichonusa kilinirudisha kwenye kile chumba. Ilibidi nitafute harufu ambayo hakuna Mwislamu wa pwani atakayemtia marehemu, na nikaipata jikoni. Kitunguu. Nilikuwa nakata kitunguu moyo uliponishika. Machozi yakanitoka, pua ikafunguka, na kabla sijamaliza kukikata nimetulia. Basi nyumbani nikawa naweka nusu kitunguu kwenye kisahani. Athumani alilalamika. Nikamwambia achague, kitunguu au malaria.

Nje ya nyumba nilitumia ulimi. Achari ya ndimu, kidogo tu kwenye ncha ya ulimi, ile chumvi na uchachu hukuita urudi mara moja. Niliibeba kwenye kichupa hadi harusini, kifuniko kikalegea, na mafuta yenye pilipili yakapenya mkoba yakaingia kwenye gauni la mama wa bwana harusi aliyeketi nami. Tulisameheana, baada ya miezi. Tangu hapo nilibeba ukwaju mkavu uliofungwa kwenye karatasi.

Kwenye foleni nilitumia mkono. Nilishika upindo wa buibui kati ya vidole, nikaupitia mshono mmoja mmoja, nikitafuta pale fundi alipokosea. Hakuna fundi asiyekosea, na nilipopapata pale uzi ulipojikunja niliona raha kama niliyekutana na mtu ninayemjua. Sikio nalo nililifunza: nisikilize sauti iliyo mbali kuliko zote. Si redio ya jirani, hiyo ipo karibu mno. Nyuma yake kuna mtu anakuna nazi. Nyuma yake lori kwenye barabara ya Malindi. Nyuma yake, labda, kitu kisicho na jina. Nikifika huko, kifua kinakuwa kimekwisha shuka chenyewe.

Macho hayakunisaidia kamwe. Waliniambia nitazame bahari, nikaitazama, nikaogopa zaidi. Mwenzio huenda hilo likamfaa.

Sasa nije kwa Shangazi, maana yeye ndiye sababu ya kutaka kupona. Sukari ilikuwa imemchukua macho, mato kama yeye mwenyewe alivyoyaita, kisha ikamchukua miguu, na katika mwaka wa kwanza wa ugonjwa wangu alikuwa haondoki tena kitandani. Nyumba yake ilikabiliana na yetu, uchochoro katikati. Alikuwa ameshaacha wasia mbele ya jamaa wote: akifariki, asiguswe na mkono wa mtu ila wangu.

Nilidhani hajui kwamba siwezi tena. Siku moja nikimlisha uji akasema, "Naambiwa Mwanaisha aosha peke yake siku hizi."

"Nina malaria, Shangazi."

"Malaria gani yakaa mwaka? Mimi sioni, lakini nasikia. Wapumua kama mtu aliyefukuzwa." Akameza uji. "Haya. Ntakungoja."

"Kuningoja kufanya nini?"

"Kupona. Mimi sifi nikaoshwe na Mwanaisha, mkono wake mzito. Ntangoja."

Alisema kwa mzaha, na sote wawili tulicheka. Lakini aliposhikwa na homa vuli ile, daktari akasema ni suala la siku, akatoka salama. Ikaja nyingine, akatoka. Watu walisema ana roho ngumu. Mimi nilijua anafanya nini, na hapo ndipo mambo yaliponipindukia. Nilitaka kupona ili nisimwangushe. Na kila nilipopata nafuu niliogopa, kwani nikipona, yeye atakuwa huru kwenda. Mwanamke huyu ndiye mama niliyemjua. Nilimpenda, na sikutaka aende. Basi nikawa namficha. Nikiingia kwake napumua kwa haraka makusudi.

Miezi ilipita hivyo, kaskazi nyingine, Ramadhani nyingine. Nilikuwa nimeanza kurudi kazini kidogo kidogo. Kwanza nilibeba maji hadi mlangoni. Kisha nikaingia, nikashika pazia la kumsitiri marehemu, nikatoka kabla ya karafuu maiti. Kisha siku moja nilibaki, miguu peku, ukwaju shavuni, nikavumilia mpaka mwisho nikiwa nimesimama karibu na dirisha. Mwanaisha alifurahi mno, akaenda moja kwa moja kumpa Bi Rukia habari njema.

Nilipoingia jioni na sahani yake, alikuwa ameuelekeza uso mlangoni.

"Mishi."

"Abee, Shangazi."

"Umepona, hukunambia."

"Sijapona. Jana tu moyo umenishika."

"Lakini ulikaa ndani."

Akanyoosha mkono hewani hadi akanipata uso, akaupapasa wote, paji, mashavu, kidevu, kama anavyoupapasa uso wa mtu asiyemjua. Viganja vyake vilikuwa vikavu kama karatasi. Alinusa vidole vyake. "Kitunguu," akasema, na akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema bila mzaha, "Mwanangu, nimechoka. Nipe ruhusa."

Nililia palepale. Nikamwambia bado kidogo, Shangazi. Akasema, "Haya, kidogo," kama mtu anayemkubalia mtoto acheze tena kidogo kabla ya kuitwa ndani. Aliishi mpaka masika yalipoanza kunyesha. Miezi ile tulikaa vizuri. Sikumficha tena pumzi yangu.

Alifariki asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, usingizini. Kufikia saa nne jeneza la msikiti lilikuwa limefika, wanaume wamejaa barazani, na maziko yamepangwa baada ya adhuhuri. Niliingia chumbani na Mwanaisha na binamu zangu wa kushika pazia. Nilianza vizuri. Nilimwambia yote: sasa nakuinua, sasa upande wa kulia, samahani Shangazi. Alikuwa mwepesi.

Kisha Mwanaisha akanipa bakuli la karafuu maiti, na moyo ukanishika kuliko siku zote, kuliko dukani. Nikatafuta sakafu kwa miguu, lakini sakafu ilikuwa maji matupu, haikuniambia kitu. Nikatafuta ukwaju, ulimi ulikuwa mkavu hauonji. Upindo wa nguo ulikuwa umelowa umenata. Vyote nilivyojifunza vilinikimbia kwa pamoja.

"Toka upumzike," Mwanaisha akanong'ona. "Ntamaliza mimi."

Niliuona mkono wake unakuja kwenye bakuli. Sikulitoa. Nikaliweka chini, nikamwambia asiliguse, nikatoka kwa mlango wa uani na kuegemea ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo ilikuwa baraza ya wanaume. Nikasikia mtu akisema, "Mbona wanawake wachelewa? Adhuhuri hii." Mwingine akasema, "Kwani kuna nini humo ndani?"

Athumani akakohoa. Ninakijua kikohozi chake cha kutafuta maneno. Nikafumba macho nikingoja kusikia habari ya malaria.

"Mke wangu ana ugonjwa wa moyo kwenda mbio," akasema, kwa sauti ya kiwandani, wote wakasikia. "Anao siku nyingi. Humshika, kisha humwacha. Nadhani sasa umemshika. Ukimwacha, atamaliza kazi yake."

Mtu akauliza, "Na sala?"

"Tutasali msikitini kisha turudi. Marehemu alimtaka yeye. Tutangoja."

Nikasikia kiti kinaburutwa, mtu anakaa. Kisha sauti nyingine, ya chini, ya mwanamume ambaye sikumtambua na mpaka leo sijamuuliza mtu ni nani: "Hata mimi hunishika huo. Pale kazini. Nilidhani ni mimi peke yangu." Athumani akamjibu kitu, polepole, kama anavyozungumza na Zuhura akiwa na homa. Sikuyapata maneno yenyewe. Nilisikiliza zile sauti mbili tu, moja ikiuliza, moja ikijibu, mpaka nikaona kwamba napumua.

Nikarudi ndani. Bakuli lilikuwa pale nilipoliacha, na hakuna aliyeligusa. Nikammiminia Shangazi maji ya mwisho, nikatia karafuu maiti kwenye pamba kwa vidole vyangu mwenyewe, harufu ikapanda, nikaiacha ipande. Tulipokwisha kumvika sanda nilimfunika uso, nikaenda mlangoni, nikawaambia wanaume waingize jeneza.